Nilivyoua Betri za Sericho

Assalaam aleikum. Na ninyi msiosalimiana kwa salaam, habari zenu za mchana.

Nimeambiwa nisimame kwa sababu mkutano uliopita watu watatu wa kikundi hiki walisema wanataka kununua mashine. Mmoja anataka ya kusaga, wawili wanataka za umeme. Mwenyekiti akasema, kabla hamjaenda dukani, msikilizeni kwanza huyu mama aliyekaa Sericho. Sikufurahi. Hakuna mtu anayefurahi kuitwa mbele za watu ili aonyeshe mahali alipoanguka. Lakini nimekuja, na nitasema yote, hata yale ambayo mume wangu angependa niyaruke. Majina ya watu sitayataja. Anayejijua atajijua.

Mimi ni mtoto wa hapa Isiolo mjini. Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza, alipomaliza kazi ya bunduki akaachwa hapa, na tangu yeye wanaume wa kwetu ni watu wa lori na watu wa duka. Mimi niliolewa na mtu wa lori. Aliendesha njia ya Garba Tulla mpaka Sericho, na tulipopata mtoto wa pili tukafungua duka huko huko Sericho ili nisikae mwezi mzima nikingoja vumbi la gari lake. Tuliuza sukari, majani ya chai, tumbaku, kanga, na betri ndogo za tochi.

Wakati huo, miaka ya sabini inaelekea kuisha, kila mtu mwenye mifugo kidogo alikuwa na redio. Mwalimu alikuwa na redio ya kaseti, wenye maduka walikuwa nazo, ofisi ya chifu pia. Betri ndogo za tochi hazikufika wiki, kwa hivyo watu wakaanza kutumia betri za gari. Betri ya gari ni nzuri sana, ndugu zangu, mpaka iishe. Ikiisha Sericho, ilipakiwa kwenye lori ije Isiolo kuchajiwa, halafu ingoje lori lingine la kurudi. Wiki mbili wakati wa jua. Wakati wa mvua hata mwezi na nusu. Na asidi ikimwagika njiani inatoboa magunia. Nimewahi kupokea sukari ambayo hata chungu hawakuitaka.

Basi watu wakawa wananiambia, "Abaayo, dada yetu, wewe una akili ya mjini. Leta mashine ya kuchaji hapa hapa." Nikawa nacheka tu. Sikuwa na haja ya mashine, nilikuwa na mume mwenye lori.

Halafu lori likaanguka. Lilipinduka kwenye lagha, ule mto mkavu, mchanga ulikuwa umeliwa na maji chini na juu unaonekana mzima. Mume wangu alivunjika nyonga. Akalala hospitali miezi mitano, na alipotoka daktari akamwambia kuketi kwenye kiti cha lori siku mbili mfululizo ni jambo la kusahau. Duka peke yake halikutosha kutulisha. Ndipo nikaikumbuka ile habari ya mashine. Tulikuwa na ngamia kwa mjomba wangu, nikauza wanne, nikapanda gari kuja Isiolo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuanguka, na wakati naanguka nilidhani napanda.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na uwanja wa vyuma vikuukuu pembeni mwa mji. Alikuwa na jenereta iliyotoka kwenye kambi ya watu wa barabara. Kubwa, ya dizeli, imepakwa rangi ya manjano, ina magurudumu yake kama gari. Nikamwambia nataka mashine ya kuchaji betri. Hakuniuliza betri ngapi. Aliipigapiga ubavuni kama mtu anayeuza fahali, akasema, "Mama, hii iliwasha kambi nzima, na friji ya wazungu. Ukiwa na hii, betri ni mchezo. Mashine ndogo ni ya mtu mwenye mawazo ndogo."

Nani anataka kuitwa mtu mwenye mawazo madogo? Mimi mwanamke, peke yangu, kati ya wanaume wanaonitazama kama nimepotea njia ya sokoni. Nikasema nitachukua hiyo.

Wewe mama wa kitambaa cha kijani, usicheke. Nimekuona wiki iliyopita ukisema unataka mtambo wa kusaga wa kulisha Isiolo nzima.

Kuishusha Sericho kulihitaji wanaume kumi na wawili. Kuiwasha kulihitaji wawili wenye mabega, kwa sababu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mume wangu na nyonga yake hakuweza hata kujaribu. Kila asubuhi nilikuwa natoka nje kutafuta watu wa kunizungushia. Ikishawaka, inanguruma mpaka ngamia wanaokuja kisimani wanageuza shingo na kurudi. Wazee wakaja kulalamika. Nikaisogeza mbali. Upepo ukabadilika, wakaja wazee wengine.

Hayo yote ningevumilia. Kilichoniua ni dizeli. Mashine ile iliwasha kambi nzima, nami niliifungia chaja moja na betri nne. Betri nne tu. Siku nzuri, tano. Na ilikunywa kama iko kambini bado. Ni kama kuwasha moto wa kuchoma ngamia mzima ili uchemshe kikombe kimoja cha chai. Na dizeli ya Sericho haitoki bombani, inatoka Isiolo kwenye pipa, siku mbili juani, nusu yake sijui inakwenda wapi. Nikapandisha bei ya kuchaji. Watu wakanung'unika. Nikawasha siku moja moja. Wakanung'unika zaidi.

Halafu ikaanza kutoa moshi mweusi, na mafuta meusi yanatiririka kwenye eksozi kama kamasi. Nikafikiri naichosha. Nikaanza kuichajia betri mbili badala ya nne, ili ipumzike. Mnaona akili? Dereva mmoja aliyekuwa anapeleka chakula akasimama kuitazama, akatia kidole kwenye eksozi, kikatoka na masizi mazito. Akasema, "Mama, hii haijachoka. Hii inaumwa kwa kukosa kazi. Dizeli kubwa ukiipa kazi kidogo haipati moto wa kutosha, haichomi mafuta yake yote, inajiziba yenyewe." Sikumwelewa. Sikutaka kumwelewa. Mashine inaugua kwa kukosa kazi? Niliona ananidharau.

Kabla ya mwaka kuisha haikuwaka tena. Wale wanaume wawili walizungusha mpaka mmoja akateguka kifundo cha mkono. Akaja fundi kutoka Garba Tulla, akaifungua, akaifunga, akasema ringi za pistoni zimeshikwa na masizi, akataka vitu ambavyo hata Nairobi ni vya kutafuta. Nikaiuza kama chuma. Ngamia wangu wanne waliondoka juu ya lori la mtu mwingine, wamepakwa manjano.

Mtu mwenye busara angeketi na kujiuliza kosa lilikuwa nini. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira inakimbia upande mmoja tu, upande wa pili wa ile iliyotoka. Nikasema kubwa imenishinda, basi ndogo kabisa. Nikaja Isiolo tena nikanunua kajenereta ka petroli, kale ka kubeba kwa mkono mmoja. Kalikuwa na tundu mbili upande, na pameandikwa volti kumi na mbili. Muuzaji akasema, "Hapo ndipo pa betri, mama. Unachomeka tu." Nami nikachomeka tu.

Sikiliza, wewe unayetaka mashine ya umeme. Ile tundu iko kweli, na inachaji kweli. Lakini inatoa umeme mwembamba, kama maziwa ya mbuzi wa kiangazi. Ni ya kuamsha betri ya gari iliyozimika njiani. Kujaza betri ya lori iliyokwisha kabisa kungechukua siku nzima na nusu, na mimi nilifunga betri tatu pamoja kwenye tundu hiyo moja. Zikagawana ule wembamba. Nikawa nawasha asubuhi, petroli ikiisha adhuhuri nazima, nawaambia watu, "Imejaa, chukua."

Nilijuaje imejaa? Hamtaniamini. Nilikuwa nagusanisha waya mbili juu ya betri natazama cheche. Cheche ikiruka vizuri, imejaa. Na betri ikitoka kuchajiwa, hata robo tu, cheche inaruka vizuri. Pia ile hewa inayotoka kwenye betri ikichajiwa inashika moto. Kwamba bado nina macho mawili ni kwa rehema ya Mungu, si kwa akili yangu.

Na bado kuna kosa baya kuliko hilo. Betri zikipungua maji, niliongeza maji. Maji gani? Maji ya kisima cha Sericho. Ninyi mliofika huko mnayajua. Ukichemsha chai nayo huhitaji chumvi. Niliyamimina hayo ndani ya betri za watu, moja baada ya nyingine, kwa mkono wangu, na nilikuwa natabasamu kwa kuwa sikuwatoza maji.

Redio zilianza kunyamaza siku ya tatu, siku ya pili. Betri iliyokuwa ikikaa wiki tatu sasa haimalizi hata taarifa ya habari. Watu wakarudisha, nikachaji tena, zikanyamaza tena. Betri ikikaa nusu tupu muda mrefu mabamba yake ndani yanashika ukoko mweupe, na chumvi inamalizia, lakini mimi niliwaambia ni betri mbovu walizouziwa Isiolo. Niliwaambia hivyo nikiwatazama usoni. Mzee mmoja wa Kiborana, mtu mpole sana, alikuja na betri yake begani, akaiweka juu ya meza ya duka kati ya mizani na sukari, akaondoka. Hakuja kuichukua. Mwingine akaweka yake mlangoni. Nikazihesabu siku moja, zilikuwa tisa. Mbele ya duka langu. Mteja wa chai ilimlazimu aziruke.

Unafikiri hapo nilisimama? Sikusimama.

Dispensari ya Sericho ilikuwa na redio ya kuongea na Garba Tulla, ile watu wanaiita redio kol. Kama kuna mgonjwa mkubwa, msimamizi wa dispensari anaita, gari la wagonjwa linakuja. Ilitumia betri ya gari. Betri yao ilikuwa inakwenda Isiolo na gari la serikali, lakini mwezi ule gari lilikuwa limeharibika, kwa hivyo yule bwana akaniletea mimi. Akaniuliza, "Itajaa?" Nikasema itajaa. Nilichaji mpaka adhuhuri. Nikagusanisha waya, cheche ikaruka. Nikamwambia, "Imejaa, daktari."

Siku mbili baadaye, asubuhi, mke wa shemeji yangu alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Yule bwana aliona mapema kabisa kwamba hii ni ya kupelekwa, akaenda kwenye redio. Redio ikawaka. Taa ikaonekana. Akawasikia watu wa Garba Tulla wakiongea na Merti, wazi kabisa, wakicheka. Akabonyeza kitufe aongee, taa ikafifia, redio ikafa. Akaachia kitufe, ikafufuka, akawasikia tena. Akabonyeza, ikafa.

Baadaye nilikuja kujifunza kwa nini. Kusikia kunataka umeme kidogo. Kuongea kunataka mwingi. Betri yenye robo inaweza kusikia siku nzima na isiweze kusema neno moja.

Alijaribu mpaka saa sita mchana. Walimtuma mtu kwa ngamia. Alasiri lori la mbuzi likapita kwa bahati, wakampakia. Mama alipona. Mtoto, alikuwa wa kiume, alizikwa Garba Tulla.

Yule bwana wa dispensari alikuja dukani kesho yake. Nilidhani atanitukana. Aliweka ile betri chini, ya kumi, akasema, "Nilikuwa nawasikia, mama. Wao hawakunisikia." Akaenda zake.

Watu walinifariji. Walisema kudra, walisema hata gari lingekuja pengine lingechelewa. Nami nilishika maneno hayo kwa mikono miwili. Mpaka siku yule mama mwenyewe, alipopata nguvu, akaja dukani kununua majani ya chai. Nikaanza kumwambia yale ya kudra. Aliningoja nimalize. Halafu akasema taratibu, "Mimi sikulaumu. Lakini usiniambie kudra peke yake. Kudra naijua. Na betri pia sasa naijua."

Akalipa chai yake, akaruka betri zile kumi mlangoni, akaenda.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna maneno yanayokupiga ukaanguka, na kuna yanayokupiga ukakaa sawa. Nilizima kale kajenereta siku hiyo nikakafunika gunia. Nikaingia ndani kwa mume wangu. Yeye mtu wa maneno machache, na tangu nyonga ivunjike alikuwa ameyapunguza tena. Nikamwambia, "Mbona hukuniambia kitu wakati wote huu? Wewe ulikuwa dereva."

Akasema, "Uliniuliza?"

Sikuwahi kumuuliza. Mara zote mbili nilikwenda Isiolo peke yangu nikawauliza wauzaji. Ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mtu aliyekaa na betri miaka kumi na mitano.

Akasema, "Lori langu lilibeba betri yake mwenyewe kila siku, na haikuisha hata mara moja. Nani aliichaji? Si jenereta. Ni ile alternata ndogo inayozungushwa na mkanda, ukubwa wa sufuria ya ugali. Tafuta mtu akufungie alternata kwenye injini ndogo. Kuna fundi huko Rapsu anatengeneza injini za pampu za wakulima. Lakini ana mdomo mbaya."

Nilikwenda Rapsu. Sericho mpaka Garba Tulla, nikalala; Garba Tulla mpaka Kinna, nikalala; halafu kwa miguu na wanawake waliokuwa wanarudi shambani. Nikamkuta fundi, Mturkana, mtu wa makamo, mikono ndani ya pampu mpaka kiwiko. Nikamweleza nataka nini. Hakuinua kichwa.

"Betri ngapi kwa siku?"

"Inategemea."

"Inategemea ni ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha.

"Kubwa za lori ama ndogo za pikapu?"

"Zote."

"Zinakuja zikiwa zimeisha kabisa, ama nusu?"

"Sijui."

"Unapima na nini?"

Nikasema cheche. Hapo akainua kichwa. Akasema, "Mama, hawa wakulima wakikuja kutaka pampu mimi nauliza shamba ni kubwa namna gani na maji iko chini namna gani. Hata mtoto anajibu. Wewe umenunua mashine mbili na hujui kazi yake ni gani. Rudi nyumbani. Hesabu mwezi mmoja. Nunua kipimo cha asidi upime kila betri ikiingia. Halafu kuja."

Siku tatu njiani, ndugu zangu, na ananirudisha siku tatu nyingine, bila hata kikombe cha maji. Nilimtukana njia yote mpaka Kinna. Wale wanawake niliotembea nao walichoka kunisikia, mmoja akaniambia, "Basi usihesabu, si ni shida yako?" Hapo nikakasirika zaidi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilihesabu. Nilinunua kipimo, kijibomba cha kioo chenye mpira juu. Unafyonza asidi kidogo, ndani kuna kiboya, kikielea juu betri imejaa, kikizama haina kitu. Mume wangu alikipenda. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, watu waliopita na betri zao kwenda Isiolo akawaomba apime tu, bure. Wengine walikataa hata kuguswa. Mwisho wa mwezi tulijua: betri tano au sita siku ambazo lori linapita, siku nyingine hakuna, nyingi za ukubwa wa pikapu, na karibu zote zinakuja zimeisha kabisa, kwa sababu mtu wa Sericho haleti betri mpaka redio ikate roho.

Nikarudi Rapsu na karatasi. Fundi akaisoma mara mbili. Akasema, "Sasa naweza kusaidia wewe."

Alichukua injini ya pampu, ya dizeli, nguvu ya farasi tatu na nusu, ambayo ningeweza kuiwasha mwenyewe. Akafunga juu ya vyuma viwili, na pembeni alternata ya lori, mkanda kati yao. Betri tano zikifungwa ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, injini ilisikika ikifanya kazi. Haikulia, haikulala. Akasema, "Sikia hiyo sauti. Ikiwa nyepesi, unapoteza mafuta. Ikiwa nzito na moshi, umezidisha. Hii ndiyo."

Akanipa masharti. Usiwashe kwa ajili ya betri moja. Ngoja zifike nne. Usichanganye kubwa na ndogo, wala iliyokwisha na iliyo nusu, maana hazili sawa. Betri inakula haraka mwanzo, mwishoni inameza kidogo kidogo; hapo mwishoni tu unaweza kuchanganya, usiiachie injini nzima, ingiza nyingine tupu kando yake ili injini iwe na kazi huku ile ikimalizia. Maji ni ya mvua tu, yaliyoshikwa kwenye nailoni safi, hata bati usitumie. Chujio la hewa lisafishwe kila siku, vumbi la Sericho linajulikana. Na kamwe, akarudia mara mbili, kamwe usichomoe betri zote injini ikiwaka.

Wiki ya tatu nilichomoa betri zote injini ikiwaka. Mtu alikuwa na haraka, lori linaondoka, nami nikasema mara moja tu. Alternata ikaungua ndani. Hamjui nilivyolia. Mtoto yule sikumlilia hadharani, lakini alternata niliililia katikati ya soko. Nikaibeba mpaka Rapsu mgongoni kama mtoto. Fundi akaifungua, akanusa, akasema, "Nilikwambia." Hilo tu. Akanikalisha mwezi mzima kungoja vipuri.

Baada ya hapo sikuvunja sharti hata moja.

Kurudi kwa watu hakukuwa kwa haraka. Kwa miezi mitatu nilichaji betri za wapita njia tu. Wa Sericho walinipita. Kwa kila mmoja wa wale kumi nilikwenda nyumbani kwake nikasema: betri yako haikuwa mbovu, mimi ndiye niliyeiua kwa maji ya kisima na kwa uongo. Mmoja alinifukuza. Yule mzee mpole alisema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja useme." Nikawalipa mmoja mmoja kwa kuchajia bure betri walizonunua baadaye, na hilo lilichukua miaka miwili.

Bwana wa dispensari ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuja na betri. Mume wangu akaipima mbele yake ikiingia. Ikachajiwa siku mbili mpaka kiboya kikakaa juu kwenye vyumba vyote sita. Halafu sikumpa. Nilisema, "Twende wote." Tukaibeba mpaka dispensari, akaifunga, akabonyeza kitufe akaita Garba Tulla. Hakuachia. Akawauliza hali ya hewa, akawauliza dawa, akawauliza kila kitu alichokumbuka, muda mrefu, na taa haikufifia. Wakamjibu yote. Alipomaliza alikaa tu, mkono bado uko kwenye redio. Nami nilisimama mlangoni sikujua nitazame wapi.

Ndiyo hiyo. Mpaka leo injini ile iko Sericho, na mume wangu ndiye mwenye kipimo.

Namshukuru yeye, ambaye hakuniambia "nilijua." Namshukuru yule dereva wa chakula niliyemdharau. Namshukuru fundi wa Rapsu na mdomo wake mbaya, ambaye alikataa pesa yangu mpaka nijue nataka nini. Wale wauzaji wawili wenye midomo mitamu hawakuikataa. Namshukuru bwana wa dispensari kwa kurudi, maana hakulazimika.

Ninyi watatu mnaotaka mashine, msianze na mashine. Anzeni na kazi. Hesabuni mwezi mmoja, pimeni, halafu mmuulize aliye nyumbani kwenu kabla ya aliye dukani. Kubwa itakula mali yako kwa kukosa kazi, na ndogo kupita kiasi itakufanya mwongo. Mimi zote mbili zimenifanyia.

Na namshukuru mke wa shemeji yangu. Kabla ya kuja hapa nilimwomba ruhusa nisimulie habari yake. Alikuwa anakamua mbuzi. Alifikiri kidogo, akasema, "Waambie. Lakini usimalize kama watu wanavyomaliza, kwamba sasa yote ni sawa."

Kwa hivyo siwaambii hivyo. Nawaambia tu betri za Sericho sasa zinajaa. Asanteni kwa kunisikiliza.